Jazi ya hadibopu na ya modi: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu haya yameandikwa na msikilizaji kwa ajili ya wasikilizaji. Kama unatafuta nadharia ya muziki ya chuoni, humu utapata kidogo tu, ile inayosaidia sikio.

Hadibopu ni nini hasa?

Ni jazi ya Wamarekani weusi iliyoshika kasi katikati ya miaka ya 1950, makao yake yakiwa New York, ingawa wapigaji wengi walitoka Detroit na Philadelphia. Kwenye majalada ya santuri utaiona imeandikwa hard bop. Kabla yake kulikuwa na bibopu ya Charlie Parker na Dizzy Gillespie, muziki wa mbio na kona kali, ambao wacheza dansi waliushindwa wakaenda kukaa. Vijana waliofuata waliukulia muziki huo na ufundi wake wakaushika barabara. Lakini wakaurudishia vitu walivyovisikia nyumbani, yaani bluzi, pamoja na uimbaji wa makanisa yao. Ndiyo maana hadibopu ina ufundi mwingi na bado mguu wako unagonga sakafu.

Bendi ya kawaida ina watu watano: tarumbeta, saksafoni, piano, besi kubwa ya kusimama na dramu. Majina mawili ya mwanzo kabisa ni Art Blakey, mpiga dramu, na Horace Silver, mpiga piano ambaye baba yake alitoka visiwa vya Cape Verde. Pamoja walianzisha Jazz Messengers. Silver aliondoka 1956, Blakey akabaki na jina hilo mpaka alipofariki 1990, na kwa miaka yote hiyo bendi ilikuwa chuo. Lee Morgan, Freddie Hubbard, Wayne Shorter na, miaka mingi baadaye, Wynton Marsalis, wote walipita mikononi mwake.

Upande mwingine kulikuwa na bendi ya Clifford Brown na mpiga dramu Max Roach. Brown alipuliza tarumbeta kwa sauti nono na safi, na wenzake walisema mwenyewe alikuwa mtu safi vilevile. Alikufa kwa ajali ya gari Pennsylvania usiku wa Juni 26, 1956, akiwa na miaka 25. Mpiga piano wa bendi, Richie Powell, na mkewe walikufa naye. Kila ukimsikia mpuliza tarumbeta wa miaka ya 1960, kuna kipande cha Brown humo ndani.

Na jazi ya modi?

Katika bibopu na hadibopu, kodi, yaani zile sauti kadhaa zinazopigwa kwa pamoja chini ya wimbo, hubadilika upesi upesi. Mpiga solo lazima aruke nazo. Jazi ya modi ilizipunguza. Mpigaji anapewa skeli moja, yaani ngazi moja ya noti (ndiyo hiyo modi), na kuambiwa akae hapo, atafute cha kusema.

Mfano unaojulikana zaidi ni "So What" ya mpuliza tarumbeta Miles Davis. Wimbo una vipimo 32, kila kimoja mapigo manne. Kwa vipimo 16 vya kwanza skeli ni moja. Vinane vinavyofuata, skeli ile ile inapanda nusu sauti. Vinane vya mwisho inarudi ilipokuwa. Basi.

Usidhani kwamba ni rahisi kwa sababu kilichoandikwa ni kidogo. Kodi zikiwa nyingi mpigaji anaweza kujificha ndani yake. Zikiondolewa, anayekosa la kusema anaonekana mara moja.

Kinachonifurahisha ni tarehe. Kikao cha pili cha Kind of Blue, santuri yenye "So What", kilifanyika Aprili 22, 1959, na John Coltrane alikuwepo na saksafoni yake. Mwanzoni mwa Mei, wiki mbili tu baadaye, Coltrane huyo huyo aliingia studio kurekodi "Giant Steps", wimbo ambao kodi zake zinabadilika kwa kasi ya kukata pumzi. Msikilize mpiga piano Tommy Flanagan, bingwa kabisa, anavyosuasua kwenye solo yake humo. Mtu mmoja alikuwa anafungua milango miwili inayotazamana kwa wakati mmoja.

Nianze na santuri ipi?

Wengi watakwambia Kind of Blue. Mimi nasema anza na Moanin' ya Art Blakey na Jazz Messengers, iliyorekodiwa Oktoba 30, 1958. Kind of Blue ni nzuri mno kwa namna ya utulivu, na mgeni huigeuza muziki wa kusindikizia chakula. Moanin' haikubali kufanywa hivyo.

Baada yake chukua Kind of Blue, kisha Saxophone Colossus ya Sonny Rollins (1956), Soul Station ya Hank Mobley (1960), Maiden Voyage ya Herbie Hancock (1965), na A Love Supreme ya Coltrane, iliyorekodiwa Desemba 1964. Hizo sita zinatosha mwaka mzima. Anayepakua santuri 200 kwa wikiendi moja hasikii hata moja.

Naisikia kama fujo, kila mtu anapiga lake. Nisikilize vipi?

Hili ndilo swali kubwa kuliko yote, na jibu lake ni hili: hawapigi ovyo, wanazunguka. Kuna wimbo mfupi unaopigwa mwanzoni. Ukiisha, umbo lake linabaki, na kila mpiga solo analipita tena na tena akibuni wimbo wake juu yake. Mzunguko mmoja kamili tuuite duru. Ukiweza kusikia duru inapoanza na inapoisha, fujo inakwisha.

Tuchukue wimbo wenyewe wa "Moanin'". Bobby Timmons, aliyeutunga, anaanza na piano: sentensi fupi ya bluzi, halafu kimya. Bendi nzima inaitikia kwa sauti mbili nzito, ile "amina" ya waumini. Piano inaita tena, inaitikiwa tena. Vikishapita vipimo vinane, kazi zinageuka: sasa tarumbeta ya Lee Morgan na saksafoni ya Benny Golson ndizo zinazoita, na piano na ngoma ndizo zinazoitikia. Kisha inakuja sehemu ya kati, vipimo vinane ambapo wito unaachwa, Blakey anafungua matoazi na muziki unatembea. Halafu wito unarudi kwa vipimo vinane vya mwisho. Nane, nane, kati nane, nane. Hiyo ni duru moja.

Sasa solo zinaanza, na hapa ndipo wengi wanapopotea. Fanya hivi: wakati Morgan anapuliza, endelea kuuimba ule wimbo wa mwanzo kimoyomoyo. Utashangaa kwamba unaingia. Ukifika sehemu ya kati utasikia besi na dramu zinabadilika pamoja nawe. Mara ya kwanza utapotea. Ya tatu au ya nne utaweza.

Ukishaweza, sikiliza watu. Morgan alikuwa na miaka 20 siku ile. Haanzi na noti nyingi. Anapuliza vipande vifupi, anaacha nafasi, anarudi. Anapomaliza, Golson anakidaka kile kipande chake cha mwisho na kuanzia solo yake hapo hapo, kama mtu anayesema "ulivyosema hivyo, na mimi..." Na mwisho wa duru sikiliza ngoma ndogo ya Blakey: mvumo unaoanzia chini, unapanda, unapanda, mpaka mpigaji anasukumwa kwenye duru nyingine atake asitake.

Kwa hiyo wanabuni papo hapo au wamefanya mazoezi?

Vyote viwili. Wimbo wa mwanzo na wa mwisho, pamoja na maitikio, hupangwa. Solo hubuniwa. Lebo, yaani kampuni ya santuri, ya Blue Note ilikuwa na desturi ya kuwalipa wapigaji kwa ajili ya mazoezi kabla ya siku ya kurekodi, jambo ambalo lebo ndogo nyingi hazikulifanya, na unasikia tofauti kwenye nyimbo ngumu: wanaingia pamoja na kutoka pamoja.

Saksafoni zinanichosha. Nifanyeje?

Ziache. Fuata besi kwa santuri nzima. Paul Chambers yupo kwenye rekodi nyingi sana za kipindi hiki, na kwenye "So What" yeye ndiye anayeupiga wimbo, bendi inamjibu. Muda mfupi baadaye, solo ya Miles inapoanza, Jimmy Cobb anapiga toazi moja kubwa ambalo mlio wake unaning'inia hewani juu ya noti za kwanza za tarumbeta. Watu wamesikiliza santuri hiyo miaka 30 ndipo wakaligundua toazi lile.

Mimi naamini jazi hii husikilizwa vizuri kuanzia chini kwenda juu: besi, matoazi, piano, halafu ndipo wapulizaji.

Morogoro Jazz, Western Jazz, O.K. Jazz: ni muziki huu huu?

Hapana. Hizo ni bendi za dansi, na muziki wao ni wa magitaa wenye damu ya rumba. Neno lile kwenye majina ya bendi za Afrika Mashariki na Kongo lilimaanisha tu kwamba hii ni bendi ya kisasa yenye ala za umeme au za kupuliza. Ukimwendea Mbaraka Mwinshehe ukitafuta Coltrane utakosa, na utakuwa umempunja Mbaraka.

Udugu upo lakini, nao unapitia Kuba. Santuri za Kuba ndizo zilizowafundisha wapiga magitaa wa Kinshasa, na Wakuba waliohamia New York ndio waliowatia homa ya tumba watu wa hadibopu. Sikiliza Afro-Cuban ya mpuliza tarumbeta Kenny Dorham, ya mwaka 1955, halafu sikiliza dansi ya zamani. Mjomba wao ni mmoja.

Mbona kuna nyimbo zina majina ya kwetu, Tanganyika, Kenyatta, Uhuru?

Kwa sababu wapigaji walikuwa wanasoma magazeti. Afrika ilikuwa inajitawala nchi baada ya nchi wakati Mmarekani mweusi bado anakatazwa kukaa mgahawani na wazungu. Habari za Accra, Nairobi na Dar es Salaam zilikuwa habari zao pia.

Mwaka 1958, miaka mitatu kabla ya uhuru wa Tanganyika, Coltrane alirekodi na Wilbur Harden wimbo uitwao "Tanganyika Strut". Aliyeutunga ni Curtis Fuller, mpuliza tromboni kutoka Detroit. Usitegemee kusikia ngoma za Kigogo humo. Ni hadibopu tupu, jina tu ndilo letu. Lee Morgan naye aliingia studio Februari 15, 1964, miezi miwili baada ya bendera ya Kenya kupandishwa, akarekodi "Mr. Kenyatta". Wimbo huo umo kwenye santuri Search for the New Land, na gitaa la Grant Green ndani yake ni tamu mno.

Lakini kubwa kuliko zote ni Uhuru Afrika ya mpiga piano Randy Weston, iliyorekodiwa Novemba 1960, mwaka ambao nchi 17 za Afrika zilipata uhuru. Weston aliwauliza wanadiplomasia wa Afrika pale Umoja wa Mataifa ni lugha gani ya bara hili aitumie, wakamwambia Kiswahili. Basi sehemu ya kwanza inaitwa "Uhuru Kwanza", na kabla muziki haujashika kasi unasikia maneno ya mshairi Langston Hughes yakisomwa kwa Kiswahili na Tuntemeke Sanga, Mtanganyika. Mpangilio wa bendi, watu zaidi ya 20, ulifanywa na Melba Liston. Wamo Max Roach, Yusef Lateef, Freddie Hubbard na Babatunde Olatunji. Sehemu ya mwisho inaitwa "Kucheza Blues". Makaburu wa Afrika Kusini waliipiga marufuku santuri hiyo, na nadhani waliielewa vizuri.

Msomaji wa Kiswahili ambaye hajawahi kuisikia Uhuru Afrika aisimamishe orodha yangu ya hapo juu na kuisikiliza kwanza.

Na Herbie Hancock kuitwa Mwandishi?

Hiyo ni baadaye kidogo, kuelekea 1970. James Forman, mtoto wa mpuliza saksafoni Jimmy Heath, alikuwa mfuasi wa Maulana Karenga, yule aliyeanzisha Kwanzaa, sikukuu ya Wamarekani weusi, na alijiita Mtume. Ndiye aliyewagawia wenzake majina ya Kiswahili. Hancock akawa Mwandishi, mpiga besi Buster Williams akawa Mchezaji, mpiga dramu Billy Hart akawa Jabali, na mpuliza tarumbeta Eddie Henderson akaitwa Mganga, jina lililomfaa kwa kuwa alikuwa daktari wa hospitali kwelikweli. Julian Priester alipata la ajabu zaidi: Pepo Mtoto. Muziki wao wa wakati ule umeshatoka kwenye hadibopu na kuingia kwenye vyombo vya umeme, kwa hiyo uweke wa mwisho.

Kwa nini santuri za Blue Note zinasifiwa hivyo?

Kuna watu wanne nyuma yake. Alfred Lion, Mjerumani aliyeianzisha lebo hiyo New York mwaka 1939. Francis Wolff, rafiki yake, Myahudi wa Berlin kama yeye aliyewakimbia Wanazi, ambaye alikuwa anapiga picha wakati wa kurekodi. Reid Miles, aliyezichukua picha hizo akazikata na kuzipanga na herufi kubwa mpaka zikawa majalada yanayoigwa hadi leo, ingawa mwenyewe hakuwa mpenzi wa jazi.

Wa nne ni fundi mitambo, Rudy Van Gelder. Mchana alikuwa mtaalamu wa kupima macho. Usiku alirekodi jazi sebuleni kwa wazazi wake, Hackensack, New Jersey. Hiyo Moanin' unayoisikia ilirekodiwa kwenye sebule hiyo. Mwaka 1959 ndipo alipohamia studio yake mwenyewe, Englewood Cliffs, yenye dari refu la mbao. Aliweka maikrofoni karibu sana na ala, ndiyo maana saksafoni kwenye rekodi zake inakuja usoni. Piano zake zinalalamikiwa na wengine kwamba zimebanwa kidogo, na nakubaliana nao.

Blue Note haikuwa peke yake lakini. Prestige na Riverside zina hazina kubwa, mara nyingi kwa bei nafuu zaidi madukani, na Saxophone Colossus ni ya Prestige. Iliyorekodiwa na nani? Van Gelder tena.

Nimesikia matoleo mawili ya Kind of Blue na moja liko juu kidogo. Masikio yangu yana shida?

Hayana. Katika kikao cha kwanza, Machi 2, 1959, mashine moja ya kurekodi ilikuwa inazunguka polepole kidogo. Kanda yake ilipopigwa kwa kasi ya kawaida, muziki ukapanda. Upande wa kwanza wa santuri ukauzwa hivyo kwa zaidi ya miaka 30, na wanafunzi waliokuwa wakipiga pamoja nayo nyumbani walihangaika kulinganisha ala zao. Kosa lilirekebishwa kwenye toleo la 1992.

Je, simu inatosha?

Kwa vipokea sauti vya masikioni, ndiyo. Kwa spika ya simu, hapana, maana besi yote inapotea na unabaki na tarumbeta na matoazi.

Ni kweli wote walitumia dawa za kulevya?

Si wote, lakini heroini iliua wengi na kuharibu zaidi. Sonny Clark, mpiga piano wa Cool Struttin', alikufa Januari 1963 akiwa na miaka 31. Coltrane alifukuzwa na Miles mwaka 1957 kwa sababu hiyo, akaacha, akaenda kupiga na mpiga piano Thelonious Monk, akarudi kwa Miles akiwa mtu mwingine. Hank Mobley alifungwa jela.

Ila simulizi hii ikitiwa chumvi inasahaulisha mambo mengine yaliyowaumiza. New York mtu hakuruhusiwa kupiga kwenye kilabu cha pombe bila kadi ya polisi, na kunyang'anywa kadi kulimaanisha njaa. Monk alikaa miaka bila yake. Agosti 25, 1959, siku nane baada ya Kind of Blue kutoka, Miles Davis alisimama nje ya kilabu cha Birdland, jina lake likiwa pale mlangoni. Polisi alimwambia aondoke. Alieleza kwamba anafanya kazi hapo. Walimpiga kichwani mpaka damu ikajaa kotini, na picha zipo.

Kulikuwa na wanawake?

Wachache walioachiwa nafasi. Melba Liston nimeshamtaja, mpuliza tromboni na mpangaji wa hali ya juu. Shirley Scott alipiga ogani, Dorothy Ashby alipiga kinubi, na sikiliza kinubi kikipiga bluzi kabla hujacheka. Jutta Hipp alitoka Ujerumani, akarekodi Blue Note mwaka 1956, kisha akaacha piano kabisa akaenda kufanya kazi kwenye kiwanda cha nguo Queens. Alice Coltrane, mke wa John, mpiga piano na kinubi, anastahili ukurasa wake.

Nani amepuuzwa?

Hank Mobley. Mkosoaji Leonard Feather alimwita bingwa wa uzito wa kati wa saksafoni aina ya tenor, akimaanisha kwamba sauti yake haikuwa nzito kama ya Coltrane wala nyepesi kama ya Stan Getz. Wasomaji wengi walisikia "wa kati" wakaelewa "wa kawaida". Weka Soul Station. Hapandishi sauti, harukiruki, na sentensi zake zinaingiliana vizuri kiasi kwamba huoni alipoungia. Nyuma yake kuna Blakey, Chambers na Wynton Kelly.

Mwingine ni mpuliza saksafoni Tina Brooks. Blue Note walimrekodi mara nne kama kiongozi wa bendi na wakatoa santuri moja tu wakati wa uhai wake, True Blue, ya 1960.

Lazima nimpende Coltrane wa mwisho?

Hapana. Baada ya A Love Supreme alikwenda mbali, na mpiga dramu Elvin Jones na mpiga piano McCoy Tyner, waliokuwa naye kwa miaka, waliondoka bendini kati ya mwisho wa 1965 na mwanzo wa 1966. Tyner alisema hakuwa anaisikia tena piano yake mwenyewe. Coltrane alifariki Julai 17, 1967, kwa saratani ya ini, akiwa na miaka 40. Ukitaka kumfuata huko, pitia Crescent kwanza, ya mwaka 1964, na uisikilize ukiwa hufanyi kitu kingine.